Likizo ya Kimbaumbau

Waliopeleka mahindi kusagwa pale njia panda walimwita Shangazi Mashine, wakubwa kwa wadogo, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, kope zake nyeupe kwa unga tangu asubuhi mpaka anapooga jioni. Miaka ya kusimama kando ya injini ya dizeli ilimharibia masikio kidogo na kumkuza sauti mno. Akikusalimia barabarani, mtu wa ng'ambo ya mto anaitika. Kunong'ona ndiko hakukujua kabisa. Akitaka kukupa siri anakusogelea, anaziba mdomo kwa kiganja, halafu anakupigia kelele sikioni.

Mashine ilikuwa ya marehemu mumewe. Alipofiwa, bado kijana na bila mtoto, ndugu walimshauri aiuze. Hakuiuza. Alikaa na fundi aliyeifunga mpaka akajua kubadilisha mkanda, kuchomoa nyundo za kusagia zilizolika, na kuisikia injini inapoanza kukohoa kabla haijazima. Baadaye alirudi kuishi kwenye ua wa wazazi wake, pamoja na mama yake, ambaye wote walimwita Bibi, na mdogo wake wa mwisho, fundi baiskeli mwenye mke, binti mmoja na mabanda ya sungura nyuma ya jiko. Hakuwa mtu wa huzuni. Ila chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, na hicho cha pili alikitandika kila wiki ingawa hakuna aliyekilalia.

Mwaka ule, shule zilipofungwa kwa likizo ndefu, mdogo wake mwingine, fundi umeme aliyeishi mjini, alifika na gari la kuazima akamshusha binti yake. Binti alikuwa kidato cha pili, mrefu, miguu kama ya korongo, begi mgongoni, na uso wa mtu aliyeletwa bila kuulizwa.

Fundi baiskeli alimzunguka akimkagua kama baiskeli iliyoletwa kwa matengenezo. "Huyu kimbaumbau ndiye mnataka anyanyue magunia? Upepo ukivuma si tutamfuata wilaya ya pili?"

Binti akacheka bila kutaka. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Baba yake hakukaa. Alimfuata dada yake kwenye banda la mashine, wakati wateja wamejipanga na ndoo zao nje na injini inaunguruma ndani. Alisimama karibu na mkanda, mahali ambapo kelele ni kali zaidi.

"Dada, mimi na mama yake tumeachana!"

"Unasemaje?"

"Tumeachana!"

Shangazi akanyoosha mkono kuzima injini. Mdogo wake akamdaka mkono. "Acha iwake!"

Basi akamweleza hivyo hivyo, kwa kupiga kelele, unga ukimtua mabegani. Mke wake amepata kazi mji mwingine na anahama ndani ya likizo hiyo. Anaondoka na mtoto mdogo wa kiume, yule wa darasa la kwanza. Yeye mwenyewe anaiacha nyumba na kuhamia vyumba viwili mtaa mwingine, na binti atakaa naye kwa sababu ya shule. Wameona ni afadhali asishuhudie makabati yakibebwa na watu wakitukanana mlangoni.

"Mmemwambia?"

"Bado. Nitamwambia mwenyewe nikija kumchukua. Dada, nakuomba. Mwache apate raha yake kidogo. Asijue akiwa hapa."

Shangazi alimtazama. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeota ovyo. Shangazi alikuwa amemlea huyu mgongoni, akijua anataka kulia hata kabla chozi halijatoka. "Haya," akasema. "Hatajua."

Alikubali haraka. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka kama alisita hata kidogo, hakukuta kusita kokote.

Jioni ile, binti alipokwenda kuchota maji na binamu yake, Shangazi aliwaambia wenzake jikoni. Mke wa fundi baiskeli alishika shavu. Bibi ndiye aliyesema.

"Mngemwambia tu. Akilia, si atalilia hapa? Kuna mapaja ya kulalia."

"Mwenye mtoto amekataa, mama."

"Basi mimi simo," Bibi akasema, akarudi kwenye maharage yake. "Mimi mzee, nikianza kusema nitaharibu." Hivyo naye akawamo.

Siku za mwanzo binti alijifungia chumbani, akalala kwenye kile kitanda cha pili akitafuta mtandao usiokuwepo. Kisha uchovu wa kutofanya kitu ukamtoa nje. Alikwenda bandani akaziba masikio kwa vidole. Shangazi akamkata pamba, akamfunga kitambaa kichwani, akampa kazi ya kushikilia mifuko mdomoni mwa mashine unga unapotoka. Siku hiyo alirudi nyumbani mweupe kama mkate uliosahauliwa kwenye unga, na Bibi alipomwona akapiga yowe kwamba mzimu umeingia.

Bibi alimwita "mke mwenzangu". Kila asubuhi alimtuhumu kwamba ametumwa kumnyang'anya mume, ingawa Babu alikuwa kaburini muda mrefu na, kwa maneno ya Bibi mwenyewe, hakuwa mtu wa kuibika hata alipokuwa hai. Binti naye akajifunza kujibu. "Nilikuja kumchukua, bibi, nikaambiwa umeshamchakaza." Bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

Kazi ilimkolea. Punde akajua nani anataka unga laini na nani anataka wa chenga, nani analeta mahindi yasiyopepetwa, yenye mawe ya kuharibu mashine. Wateja wakaanza kumuulizia. Shangazi alimfundisha kuisikiliza injini: akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti, na mikono yote miwili juu ya bati linalotetemeka, akamwambia asubiri mpaka mtetemo ubadilike. Ulipobadilika, binti akamgeukia macho yamemtoka, "Nimeisikia!" Shangazi alipata furaha ambayo hakuwa na jina la kuiita. Alianza kununua sabuni ya kunukia. Alianza kurudi nyumbani mapema.

Lakini mtoto wa miaka kumi na tano si gunia. Aliona mambo. Aliona kwamba kipande kikubwa cha nyama kinamfuata yeye kila mara. Aliona kwamba hatumwi kwa sauti ya amri. Siku moja aligombana na binamu yake kwa ajili ya ndoo, ugomvi wa kawaida wa wasichana, kila mmoja akidai ndoo nzuri ni yake. Mke wa fundi baiskeli akatoka jikoni akamkemea binti yake mwenyewe kwa ukali usiolingana na kosa: "Mwachie mwenzio! Ana ya kwake huyo!"

Kisha akanyamaza ghafla, akarudi ndani.

Binti akabaki na ndoo mkononi. "Ana ya kwake" maana yake nini? Binamu naye alikuwa amevimba, machozi yanamlengalenga, hakujua amekosea wapi.

Tena kulikuwa na simu. Mama yake alikuwa akipiga kwenye simu ya fundi baiskeli, ambaye laini yake ilishika mtandao, anauliza kama anakula vizuri, anasema anampenda, anakata. Kila binti alipoomba kuongea na mdogo wake aliambiwa amelala. Amelala asubuhi, amelala mchana. Mtoto yule asiyetulia hata akiwa mgonjwa.

Ndipo akamuuliza shangazi yake. Ilikuwa alasiri, mteja wa mwisho amekwenda, injini imezimwa, na ule ukimya unaofuata kelele umejaa banda zima. Binti alikuwa anafagia pumba kwenye kona. Alisimama na ufagio.

"Shangazi, nikuulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Usinifiche lakini. Wengine wote nawaona wananificha, ndiyo maana nakuuliza wewe." Akauegemea ufagio. "Nyumbani kuna nini?"

Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia akifuta mikono kwa tambara lenye mafuta. Alijua kwamba mlango umefunguliwa na unatakiwa kupitwa. Maneno yalifika mpaka kooni. Lakini alimwona mtoto amesimama pale na unga kwenye nyusi, akawaza kilio, akawaza begi likifungwa kesho yake, akawaza kitanda cha pili.

"Hakuna kitu," akasema. "Baba yako kazi zimemzidi tu. Na mama yako unamjua na simu zake. Wewe kula likizo yako."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Ningekuficha mimi?"

Binti akashusha pumzi ndefu. Akacheka, akamwangukia kifuani kwa uzito wake wote mdogo, mpaka gunia likayumba. "Afadhali. Nilikuwa nimeanza kuwaza mambo ya ajabu." Akarudi kufagia, huku anaimba.

Kuanzia hapo akawa na raha isiyo na doa. Alikwenda mtoni na binamu yake wakarudi wamelowa. Alijifunza kuziba pancha kwa baba yake mdogo, akamwambia kazi yake ni rahisi kuliko anavyojidai, naye akamfukuza kwa pampu kuzunguka ua mzima. Alinenepa kidogo mashavuni. Na alichagua sungura. Mdogo wake alikuwa anaogopa mbwa lakini alikuwa amelilia mnyama wa kufuga mwaka mzima, kwa hiyo binti alikaa mbele ya mabanda siku nyingi akilinganisha tabia za sungura, akaishia kwa mmoja wa kijivu, mpole, mwenye sikio moja lililolala. Alimlisha mwenyewe. Alimzoesha kushikwa. Aliwaambia wote mdogo wake atasema nini akimwona, akiigiza na sauti yake, na watu wazima wakacheka huku wakitazama pembeni.

Shangazi alitaka kumwambia. Hilo lisemwe. Mara moja walikuwa wawili njiani wakirudi kutoka bandani, akaanza, "Unajua, mwanangu, watu wazima wakati mwingine..." Mteja mmoja akawapita na baiskeli, akasimama kulalamika kwamba unga wake wa juzi ulikuwa wa moto mno, na alipoondoka Shangazi hakulirudia. Angeweza kulirudia. Njia ilikuwa bado ndefu.

Hata suala la sungura lilimkaa moyoni. Alimwambia fundi baiskeli, "Tufanye nini? Anampelekea nani?" Fundi baiskeli akajikuna kisogo. "Tukimkatalia atauliza kwa nini." Basi wakamtengenezea boksi lenye matundu.

Siku baba yake alipokuja kumchukua, binti alizunguka ua akimuaga kila mtu, Bibi mara mbili. Aliweka boksi mapajani, mbele ya gari. Alitoa kichwa dirishani. "Shangazi! Kazi yangu usimpe mtu! Likizo ijayo nipo!"

"Haiendi popote!" Shangazi akapaza, na sauti yake ikasikika mpaka njia panda. Alitaka kumwona mdogo wake usoni, ajue kama atamwambia njiani. Mdogo wake alikuwa anatazama kioo cha pembeni.

Hakumwambia njiani. Alikuja kusema mwenyewe kwa simu usiku huo, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Safari nzima mtoto alikuwa anasimulia habari za mashine, anacheka, na yeye akashindwa pa kumkatia. Walipoingia mtaa mgeni, binti alidhani wamepita kumshushia mtu mzigo. Aliteremka na boksi lake. Kisha akaona kitanda chake kimeegemezwa ukutani, nje ya mlango asioujua, kwa sababu hakikupita mlangoni bila kufunguliwa.

Hapo ndipo alipoambiwa, kwenye ukumbi wa kupita, wapangaji wakipishana nao na beseni. Mdogo wake, yule wa darasa la kwanza, alikuwa ameondoka na mama yao wiki kadhaa nyuma.

"Alilia sana?" Shangazi aliuliza.

"Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu. 'Shangazi alijua?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia wote mlijua. Ningemwambiaje, dada?"

Shangazi alipiga simu kesho yake, na keshokutwa, na Jumapili. Binti alikuwa bafuni, alikuwa dukani, alikuwa anasoma. Sungura alikuwa amepewa jirani. Likizo iliyofuata alikwenda kwa mama yake, na hilo ni haki, alikuwa na mdogo wake wa kumwona. Iliyofuata tena akasema ana masomo ya ziada. Shangazi alifunga mashine akasafiri kwenda mjini na mfuko wa unga aliousaga mwenyewe mara mbili, laini kama poda. Binti alimpokea vizuri. "Shikamoo, shangazi." Alimpokea mzigo, akamchemshia chai, akauliza habari za Bibi na za kila mtu. Kila swali alilijibu. Lakini alijibu kama anavyojibu mtoto aliyefundishwa adabu mbele ya mgeni, na Shangazi, aliyezoea kumsikia akimtania Bibi kwamba amemchakaza Babu, alikaa kwenye kiti cha wageni na kikombe mkononi, hajui aseme nini kwa sauti ile kubwa katika chumba kidogo vile. Aliondoka mapema akisingizia usafiri.

Miaka ikaenda. Binti alimaliza shule, akasomea mambo ya dawa, akaajiriwa kwenye duka la dawa. Kuachana kwa wazazi wake kukawa jambo la kawaida, lisilomshangaza mtu. Baba na mama walikuwa wakisalimiana vizuri kwenye mahafali.

Alirudi kule shamba Bibi alipofariki. Alikuwa mwanamke sasa, na ule urefu umepata mwili wa kuuvaa. Alilia, alisaidia kupika, alimkumbatia binamu yake ambaye tayari alikuwa na mtoto mgongoni. Watu walipopungua, Shangazi alimkuta kwenye benchi nje ya banda la mashine, amevua viatu. Akakaa karibu naye. Goti lilikuwa linamsumbua, akalinyoosha polepole.

"Mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani alijitahidi kusema chini, "bado umenikasirikia?"

Binti alifikiri. Hakufanya haraka kumfariji.

"Kuachana kwao hakukunikasirisha sana, shangazi. Walikuwa wanagombana, nilikuwa nasikia. Na baba, namjua, hawezi kusema kitu kigumu mpaka kimwangukie. Lakini wewe nilikuuliza. Nilikuchagua nikakuuliza."

"Nilitaka upate raha."

"Niliipata." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na uchungu, na hilo ndilo lililomuumiza Shangazi zaidi. "Hiyo ndiyo shida yenyewe. Sikuwahi kuwa na likizo nzuri kama ile. Nikiikumbuka tu, nakumbuka kwamba wote mlikuwa mnanitazama. Nikiigiza sauti ya mdogo wangu, mnanitazama. Yeye kule anapakiwa na nguo zake, ananililia, mimi huku nachagua sungura. Siwezi kuirudia hata kichwani."

Shangazi alitaka kusema kwamba baba yake ndiye aliyeomba. Ilikuwa kweli, na ilikuwa tayari mdomoni. Lakini haikuwa kweli yote.

"Baba yako aliniomba," akasema hatimaye, "lakini siku ile uliponiuliza sikumkumbuka yeye. Niliogopa utaondoka. Nilikuwa nimekuzoea."

Binti aligeuka kumtazama. Labda hilo hakulitarajia. Akaokota punje ya mahindi chini, akaisugua vumbi kwa kidole gumba.

"Ungeniambia ningelia," akasema. "Halafu ningebaki. Ningekwenda wapi?"

Kwa miaka yote aliyojilaumu, hilo Shangazi hakuwahi kuliwaza: kwamba mtoto angeweza kujua kila kitu na bado akabaki, akalia usiku kwenye kitanda cha pili na asubuhi akafunga kitambaa kichwani wakaenda kazini.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe zamani, shangazi." Akampapasa mgongo mara moja, akavaa viatu, kwa kuwa walikuwa wanaitwa kula.

Na alikuwa amemsamehe kweli, hakuna wa kusema vinginevyo. Siku hizi hupita mara moja moja. Humletea dawa ya goti, humweleza namna ya kuitumia, na hurudia maelezo kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yale yamezidi kuziba. Huzungumza habari za mvua, za bei ya dizeli, za mtoto wa binamu. Shangazi naye siku hizi humwambia kila kitu bila kuulizwa, hata yasiyohitajika: kwamba mashine inachechemea na huenda akaiuza, kwamba daktari ameona kitu kwenye jicho la kushoto, kwamba fundi baiskeli amekopa nauli akanywea. Binti husikiliza, husema pole, hushauri panapohitaji ushauri. Ya kwake mwenyewe hayatoi. Kama ana mchumba, kama analala vizuri, kama kuna usiku anaohitaji mtu wa kumpigia, Shangazi huyasikia kwa wengine, au hayasikii.

Mara ya mwisho alikuja mchana akaondoka alasiri. Shangazi alimsindikiza mpaka barabarani akichechemea, wakasimama wakisubiri gari, na katika kusubiri kule Shangazi alimwangalia kwa pembeni, akitafuta neno la kumshika nalo hata kidogo. Gari likaja. Binti akapanda, akapunga mkono, akaondoka. Pale bandani wateja walikuwa wameshajipanga na ndoo zao, mmoja ameanza kunung'unika, basi Shangazi akarudi, akafunga kitambaa, akaiwasha mashine.